Raheli Alicheka Kisimani

Siku hizi kuna kifaa cha sikioni kinachotambua kila kinywa ambacho hadithi imepitia. Profesa Mumbua alikuwa wa kwanza kukitumia kuchunguza visa vya Waebrania vilivyosimuliwa kabla ya kuandikwa.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mumewe Mutinda alimsimulia binti yao Ndinda jinsi Yakobo alivyokutana na Raheli kisimani.

"Raheli akacheka, akamwita mjinga."

Kifaa kikamnong'oneza Mumbua: kisa kimetoka kwa mama mkwe, kicheko kwa mwanamke asiyejulikana, wiki mbili zilizopita.

"Baba Ndinda, hicho kicheko umekitoa wapi?"

"Nimejitungia tu, Mama Ndinda."

Binti akaomba kisa kirudiwe. Mumbua alikubali haraka, akatega sikio, maana alitaka kumsikia vizuri huyo mwanamke anavyocheka.