Kikombe cha Daktari Lugendo

Daktari Lugendo, mganga mkuu wa hospitali ya mji, aliingia ofisini kwa mwenzake wa mji jirani jasho likimtiririka. Oksijeni ilikuwa inamwishia, na wodi ya watoto ilikuwa imejaa.

"Mitungi ya akiba nilimpa mganga mkuu mwenzetu Mzuanda asubuhi," alisema Daktari Salha. "Ungenipigia jana, kaka, ningekuwekea."

"Sikuwa na namba yako."

Ukutani vilining'inia vikombe vya waganga wakuu, kila kimoja na jina lake, kwa ajili ya chai ya baada ya vikao vyao vilivyofanyika hapo. Lugendo hakuwahi kubaki. Kikao kikiisha, yeye huyo kwenye gari; chai ile aliiita umbea. Kikombe chake kilikuwa bado na karatasi ya bei kwenye kitako.

Salha alikitungua, akakifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akamimina chai.

"Kaa kwanza. Ngoja niwaulize wenzetu."

Akaanza kupiga simu, akimwita kila mmoja kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mfukoni mwa Lugendo simu nayo ikaita. Ilikuwa wodi ya watoto. Alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili, akaiacha iite; jibu la kuwapa lilikuwa bado kwenye simu ya Salha.