Siku Moja ya Saa Ishirini na Nne

"Miaka elfu tano mia tisa sitini na minane!" Mwalimu Nehemiah aliigonga meza ya kanisa. "Tangu Adamu hadi leo. Nimehesabu mwenyewe, baba kwa mwana, sikumruka mtu."

Hakuna aliyembishia. Ungembishia vipi mtu anayeongea kama aliyekuwapo Adamu akipuliziwa pumzi?

Bosibori alikaa benchi la nyuma, Biblia ya marehemu mumewe mapajani. Ndani ya jalada paliandikwa: Angwenyi, 1908–1962. Mbele yake alisimama mwanawe Walter, mikono nyuma, kama aliyekamatwa na mkungu wa ndizi za watu.

Kosa la Walter lilikuwa hili. Aliwaambia watoto wa darasa la saba kwamba kule Olduvai, Tanganyika, wamechimbua fuvu lenye miaka zaidi ya milioni moja. Mtoto mmoja akauliza, na Adamu je? Walter akajibu kwamba pengine zile siku sita za Mungu zilikuwa ndefu kuliko siku zetu.

Kwa ajili ya hilo neno "pengine", wazee wa kanisa hapo kilimani Manga waliacha chai yao ikikomaa shambani, wakaja kuuokoa ulimwengu.

Shule ilikuwa ya kanisa, na mwalimu aliyefutwa kanisani hakumaliza wiki shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa Nehemiah. Aliyetajwa kushika kiti siku Nehemiah atakapostaafu alikuwa Walter. Lakini mambo hayo mawili, alisema Nehemiah, hayajuani kabisa.

"Baba mdogo," Walter alianza, "mimi nilisema tu..."

"Yaya! Hapana! Hapa mimi si baba yako mdogo. Hapa ni mzee wa kanisa."

Nehemiah akasafisha koo, na Bosibori akashtuka, kama anavyoshtuka kila mara. Koo lile lilikuwa la Angwenyi kabisa. Hata koti alilovaa lilikuwa la Angwenyi. Alilichukua baada ya matanga, na halikuhitaji fundi.

Mchungaji alikuwa Mpare, ameletwa huku mwezi uliopita. Kikisii hakujua, basi siku hiyo wote walisema Kiswahili, na Mungu akawavumilia. Alifungua daftari la mikutano.

"Mshitaki, jina na mwaka wa kuzaliwa."

"Nehemiah Ongeri. Elfu moja mia tisa ishirini." Akatoa cheti mfukoni, kimekunjwa vizuri, akakilaza mezani. "Nina miaka arobaini na mitano tu, Mchungaji. Bado kumi ya kutumikia hawa watoto kabla ya kustaafu."

Mama Esnah, aliyeketi kati ya wazee, alipatwa na kikohozi cha ghafla, akaangalia dari. Kichwa cha Nehemiah kilikuwa cheupe kama pamba. Mvi hizo, yeye husema, ni za mawazo.

Mchungaji aliandika: 1920.

"Sasa nisikilizeni," Nehemiah akaendelea, na sauti ikapanda. "Imeandikwa, ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Siku moja! Saa ishirini na nne, si zaidi. Anayechukua siku moja akaijaza miaka, huyo ni mwongo. Na mwongo hana kazi katika shule ya kanisa."

"Amina," wakasema wazee, maana chai ilikuwa inangoja.

Bosibori akasimama. "Mchungaji, naomba maneno hayo yaandikwe."

Walter aligeuka, akamtazama mamake kama ng'ombe anavyomtazama mwenyewe sokoni.

"Yaandikwe kama sheria," akasema Bosibori. "Siyo ya Walter peke yake. Ya kila mwalimu. Anayechukua siku moja akaijaza miaka, hana kazi."

"Mnaona?" Nehemiah alicheka mpaka mabega yakatikisika ndani ya koti. "Mama mzazi! Shemeji, tangu ulipoolewa kwetu nilijua una akili."

"Na tuweke sahihi," akasema Bosibori, "isije ikasemwa kesho ni maneno ya mdomo."

Wakaweka sahihi. Nehemiah aliweka ya kwanza, kubwa, yenye mkia. Mama Esnah aliweka kidole gumba, macho bado darini.

Mchungaji alikausha wino. "Mama, una la kuongeza kabla hatujamwondoa kijana?"

"Mimi niliishia darasa la nne, Mchungaji, sina langu." Akafungua Biblia, akatoa karatasi iliyokuwa imelala katika Mwanzo, mlango wa kwanza. "Nina hii tu. Mwalimu Nehemiah aliiandika kwa mkono wake, akaisoma pale kaburini kwa mume wangu. Tulilia sote."

Nehemiah akaacha kucheka. "Shemeji, mambo ya msiba hayaletwi barazani."

"Ni fupi, Mwalimu."

"Hata kama ni fupi..."

Lakini Mchungaji alikwisha kuipokea. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea Maandiko:

"'Mama yetu alijifungua mara mbili katika siku moja, mwaka wa 1908. Angwenyi asubuhi, mimi jioni.'"

Kidole chake kikarudi polepole kwenye daftari, kikakaa juu ya ule mwaka wa 1920.

"Basi nisaidieni hesabu, wazee," akasema Bosibori, akiketi na kupanga kitambaa chake cha kichwa. "Siku hiyo ilikuwa na saa ngapi?"