Kidole cha Mama

Miaka hiyo, kwa sheria, mahali pa kujifungulia alipachagua mama wa mjamzito, kwa alama ya kidole chake. Bi Mashavu alimwapia bintiye Tunu kwamba amechagua nyumba ya uzazi ya mkunga Zawena. Hata khanga saba zilizofuliwa alizipeleka kule.

Uchungu ulipoanza, gari lisilo na dereva lilipita mlango wa Zawena, likashika njia ya hospitali.

"Mama wee, tumepita!"

"Nilichagua hospitali tangu mwanzo, mwanangu. Mashine haichoki."

"Na zile khanga?"

"Nilitaka upate usingizi."

Walipofika, muuguzi akauliza, "Nani ataingia na mzazi?"

Bi Mashavu alikwishavua viatu.

"Sina mtu," alisema Tunu.