Silinda Nne Zilipolala

Mbaruku alikuwa anamrudisha Kidawa kwao, talaka imo mkobani mwake. Gari lake la mbio lilinguruma njia nzima na likawaokoa wasizungumze.

Walipokaribia, Kidawa akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kubana mafuta.

"Hili jini lako linakunywa. Usije ukakwama ukirudi peke yako, Mbaruku."

Miaka tisa alikuwa akimwita "mume wangu".

Silinda nne kati ya nane za injini zikalala. Mngurumo ukatulia, na ndipo Mbaruku aliposikia: kumbe Kidawa analia, na amelia njia nzima.

Akikanyaga mafuta, zile nne zitaamka na hatasikia tena. Nyumba ya wakwe ikaonekana. Mbaruku akainua mguu, gari likawa linaserereka lenyewe, taratibu, kuelekea lango lililo wazi.