Chupa za Wifi

Stojna alipokuta bustani yake haina hata pilipili hoho moja, hakuuliza mtu. Alivuka ua, mkono uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, akamkuta wifi yake ameketi na majirani kando ya jiko. Septemba hiyo mji mzima wa Strumica ulinukia pilipili za kuchoma.

"Mwizi wewe," alimwambia mbele ya wote. "Umeona sina mkono, ukajichumia."

Wifi hakuinua macho. Alikuwa anamenya pilipili, vidole vimebabuka, kucha zimejaa masizi.

"Zilianza kuoza, wifi. Baridi ikija utakula nini?"

Jirani mmoja akafunua taulo lililokuwa mezani. Chini yake zilipangwa chupa ishirini na mbili za rojo jekundu la pilipili, bado za moto, kila kifuniko kimeandikwa: Stojna.

Stojna alitamani ardhi ipasuke immeze. Akavuta kigoda, akaketi, akajaribu kumenya pilipili moja kwa mkono mmoja. Ikamteleza, ikaanguka majivuni.

Wifi akaiokota, akaipangusa kwa aproni, akamrudishia.

"Wewe ishike tu," alisema. "Nitamenya mimi."