Foleni ya Fungo

Fungo alikuwa mpenda sifa. Aliuza vitumbua, na kila asubuhi foleni ilizunguka kibanda chake, akaamua kufungua kingine.

"Baba Shani, nimepiga hesabu," mkewe akasema. "Mchele, nazi na mkaa vinazidi bei yetu. Kila kitumbua ni hasara."

"Basi tuuze vingi zaidi."

"Tutafilisika mapema zaidi."

Fungo akanywea. Mara akaja Fisi mwenye tamaa, macho kwenye foleni.

"Niuzieni kibanda. Tajeni bei."

"Hutaki kuona hesabu kwanza?" Fungo akauliza.

"Hesabu za nini? Wateja si nawaona?"

Wakamuuzia. Kesho yake Fungo na mkewe walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Vitumbua rahisi namna ile wangevipata wapi?