Mikanda ya Marehemu

"Vuta kwa nguvu zako zote," fundi Shekue alimwambia Rukia.

Rukia akacheka. Mikanda ya usalama ya gari hili kuukuu la mbio aliifunga sakafuni marehemu baba yake, na hakuwahi kuliwasha kabla ya kuivuta akisema bismillahi. Akauvuta wa dereva. Boliti ikang'oka na kipande cha sakafu. Kumbe chini ya zulia bati limeliwa na kutu, na boliti ilishikiliwa na ubao uliopakwa rangi ya kijani, kijani kile kile cha lango la nyumbani kwao.

"Hapa nitachomelea bamba la chuma," fundi alisema polepole.

Rukia aligeuka. Kwenye kiti cha pili, mama yake alishajifunga.

"Wangu mzima," mama akasema. "Baba yako aliufunga kwa mkono wake."

Akauvuta, kwa nguvu, akitazama mbele.